Risala ya Watu Thelathini Wenye Vyeti Ishirini na Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari, Mkurugenzi wa mradi wetu, viongozi wa komini yetu na wa vilima vyake, wauguzi wetu, mashehe na wachungaji, ndugu mliotoka Gitega jana mkalala kwetu, wagonjwa wetu mliokubali kukaa viti vya mbele bila kuficha nyuso, mabibi na mabwana, amani iwe nanyi.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Giteranyi, huku kwetu Muyinga. Tunajua barabara imekutikisa, na vumbi tuliloliona kwenye gari lako ni letu, tunalikubali. Sisi tuliosimama mbele yako ni kikundi cha Twipimishe, neno la Kirundi lenye maana ya twendeni tukapimwe. Tuko wakulima, washonaji, wauza vitenge, walimu wawili waliostaafu na kinyozi mmoja. Nusu yetu ni wa Muyinga, nusu ni wa Gitega, upande wa Ryansoro na Bukirasazi. Wengi tulikulia Tanzania, tukarudi na Kiswahili na masanduku ya bati. Wengine ni watoto wa mtaa wa Waswahili wa Muyinga mjini, ambao Kiswahili walikikuta nyumbani. Ndiyo maana risala hii tumeiandika kwa lugha hii. Tulifurahi kusikia kwamba wewe pia shule ya msingi uliisomea Kigoma, kwa hiyo hakuna mtu atakayekaa sikioni pako akikutafsiria na kukupunguzia maneno.

Anayekusomea ni katibu wetu Yasmina, fundi cherehani. Tumemwonya asome taratibu, maana akishika maneno huwa anakimbia kama mashine yake.

Mezani kwako kuna bahasha ya vyeti. Tumeambiwa vimo ishirini na tisa. Tuliopata mafunzo tulikuwa thelathini. Asiyemo kwenye orodha ni mwenzetu Efrazia, mkulima wa hapa hapa Giteranyi, aliyefutwa jina mwezi wa saba mwaka jana. Tutakueleza mambo mengi leo, na yote ni ya kweli, lakini hatutaki ukae ukijiuliza risala hii inakwenda wapi. Inakwenda kwa Efrazia. Tunataka jina lake lirudi.

HISTORIA YETU

Kikundi chetu kilizaliwa mjini Gitega, mwezi wa pili mwaka jana, katika ukumbi wenye madirisha yasiyofunguka. Tulikaa humo siku kumi tukifundishwa homa ya ini ni nini, inaambukiza vipi, na jinsi ya kuisemea mbele ya watu na mbele ya wakubwa. Tulikwenda tukidhani tunaijua, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amezika mtu. Tulichokuwa tunakijua ni kwamba mtu akiwa na macho ya njano na tumbo likajaa maji, basi ametegewa sumu. Tukishamzika, tunaanza kutafuta jina la aliyemtegea.

Efrazia jina hilo alikuwa nalo tayari. Mumewe Elikana alifariki kwa tumbo la namna hiyo, na wiki chache kabla ya kulala kitandani alikuwa amekunywa pombe nyumbani kwa jirani yao, mzee Kastori. Hilo lilimtosha. Kwa miaka saba Efrazia hakumsalimu Kastori. Wakikutana njiani aligeuza uso akaangalia migomba, na migomba ile, tunavyomjua, aliihesabu yote mpaka mzee apite.

Siku ya tatu ya mafunzo, mkufunzi alieleza kwamba virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa mwilini miaka ishirini, mtu analima, anazaa, anacheka, na huku ini linaharibika polepole. Akataja macho. Akataja tumbo. Efrazia alifunga daftari akatoka nje, tukadhani amekwenda msalani. Riziki, muuza vitenge wa Muyinga aliyekuwa akikaa naye benchi moja, alimfuata akamkuta ameegemea ukuta analia.

“Dada, iko nini? We uko mgonjwa?” Riziki alimwuliza.

“Mimi mzima,” Efrazia alimjibu. “Nimemchukia mtu miaka saba bure.”

Aliporudi Giteranyi, kabla hajashusha begi kichwani, alipita kwanza kwa Kastori. Mzee alikuwa anapura maharage. Efrazia alimweleza yote aliyofundishwa, akamwomba radhi akiwa amesimama juani. Kastori alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akamwambia aketi. Tangu siku ile wanasalimiana, na Efrazia ametuambia kwamba hakuna mzigo aliowahi kuutua ukampa raha kama ule.

Tumekueleza hili, Mgeni rasmi, ili ujue mtu huyu alirudi kutoka Gitega akiwa na nini moyoni. Sisi wengine tulirudi na daftari. Yeye alirudi na haraka. Aliona kila nyumba ina Elikana wake ambaye bado anatembea, na kila siku anayochelewa ni ya kumpoteza.

MAFANIKIO

Katika mwaka mmoja, watu elfu moja mia mbili na kumi na wanne wamekwenda kupimwa kwa miguu yao baada ya kuongea nasi. Waliokutwa na virusi ni themanini na saba, na kati yao sabini na tisa hawajaacha kliniki. Wale wanane tunawajua kwa majina na bado tunawagongea milango, hata wakituzimia redio wajifanye hawapo.

Hapo Muyinga mjini, kinyozi wetu Husni sasa hanyoi mtu bila wembe mpya, na wembe ule unavunjwa mbele ya macho ya mwenye kichwa. Ameandika ubaoni: Wembe Wako, Kichwa Chako. “Bon, mwanzo wateja wote walikimbia,” anasema, “wakasema Husni amejifanya daktari. Sasa wanatoka hata mtaa wa mbali, wanasema kwa Husni iko salama.” Kule Bukirasazi kulikuwa na bibi aliyekata watoto vimeo kwa kisu kimoja kwa zaidi ya miaka arobaini. Wenzetu walikaa naye siku nne, wakimsaidia kupalilia, bila kumtukana wala kumtisha. Siku ya tano alikitoa kisu mwenyewe akasema kiwekwe ofisini kwetu. Kwa kuwa hatuna ofisi, kisu kiko juu ya kabati la mwenyekiti wetu, mama Lucia, na mumewe hakipendi hata kidogo. Bibi mwenyewe siku hizi huwasindikiza wajawazito kituo cha afya, na akifika hukaa kwenye benchi la mbele kama mwenye kituo.

Tunaona fahari, Mgeni rasmi, wala hatuifichi.

CHANGAMOTO

Kwa kawaida hapa ndipo risala huanza kulia. Sisi tutalia kidogo tu. Baiskeli tulizonazo ni zetu wenyewe na vilima ni vilevile. Kipimo cha kujua wingi wa virusi mwilini kiko mbali, na mgonjwa akipanda basi asubuhi kukifuata, shamba linabaki na watoto. Makaratasi ya mafunzo yaliandikwa kwa Kifaransa. Wengi tuliokulia Tanzania Kifaransa chetu ni cha kusalimia, lakini siku ile mkufunzi alipouliza kama sote tunaelewa, tuliitikia kwa sauti moja kwamba tunaelewa. Aibu ilitushika. Basi aliyejua alimnong’oneza asiyejua, na siku kumi zikaisha hivyo.

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa la mrija.

Siku ya sita mtu mmoja aliuliza kuhusu mate. Mkufunzi alijibu kwamba virusi hivi vimewahi kuonekana hata kwenye mate. Riziki alimnong’oneza Efrazia hivyo hivyo, sawasawa kabisa, naye akaandika. Chakula cha mchana kilikuwa tayari, tukatoka. Tulipokuwa tunakula, Efrazia aliacha kijiko kwenye wali akasema, “Kama kwenye mate vimo, basi sisi tunamalizwa na mrija.”

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa huku na unajua. Kwetu chungu cha pombe ya mtama huwekwa katikati, na mrija hutoka kinywa hadi kinywa. Ukimpa mtu mrija wako umemwambia kwamba ni mtu wako. Pale mezani sote tuliacha kula. Tulimwona Efrazia ana akili kuliko mkufunzi, kwamba yeye ndiye aliyeyaleta yale ya Kifaransa mpaka kwenye chungu chetu. Hakuna hata mmoja aliyerudi ukumbini akauliza. Tungeuliza, tungeambiwa siku ile ile kwamba mrija hauambukizi homa hii, wala kikombe, wala kijiko, wala kukumbatiana, na mengine yangebaki hadithi.

Tulirudi vilimani tukafundisha. Tulisema damu, tulisema wembe, sindano, kitanda cha mume na mke, mama na mtoto anayezaliwa. Yote hayo tulisema sawa. Na mwisho tukaongeza mrija, na hilo ndilo watu walilolishika kuliko yote, maana lilikuwa la kwao. Kwa Waislamu wetu wa mjini, wasiokaa kwenye chungu, mrija uligeuka kuwa sinia. Yasmina huyu anayekusomea alikwenda kwa mama mkwe wake Kulthumu akamwambia kila mtu ale kwenye sahani yake. Bi Kulthumu aliweka kikombe cha chai chini.

“We Yasmina,” akasema, “miaka yote tunakula mu sinia moja, nikakulisha na mkono yangu siku ya ndoa. Leo mate yangu iko na sumu?”

Wali siku ile ulikuwa mchungu. Tulipaswa kusimama hapo. Hatukusimama.

Kuna mgonjwa wetu hapa mbele, mzee Nazario, mwendesha baiskeli wa mizigo. Alipokutwa na virusi, Efrazia ndiye aliyekaa naye siku ile. Alimshawishi asijifiche, atangaze ugonjwa wake, ili na wengine wapate moyo wa kupimwa. Nazario aliposimama mbele ya watu wa kilima na kusema, watu arobaini na wawili walikwenda kupimwa wiki ile ile. Mwezi wa saba ukafika, mtama umevunwa, na binti yake Upendo akaja kuposwa. Mwana aliyekuja kumposa, Urbano, ni wa mzee Kastori yule yule.

Chungu kiliwekwa kati ya wazee wawili. Nazario, kwa kuwa ni baba wa binti, alivuta kwanza, kisha akampa Kastori mrija kama inavyopasa. Kastori hakuupokea. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa mrija wake mwenyewe, mpya, alioukata asubuhi, akautumbukiza upande wa pili wa chungu. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amekaa pale pale, kwenye mkeka wa wanawake.

Efrazia anasema kwamba alimwona Nazario akiuchomoa mrija wake taratibu, akafunika chungu.

“Binti yangu hataingia nyumba ambayo baba yake ni sumu,” alisema. Halafu, akipita kando ya mkeka wa wanawake, alisimama. “Efrazia, mimi nilitangaza kwa sababu wewe uliniambia nitangaze.”

Posa ikavunjika. Habari ilipanda na kushuka vilima vyote, na kwa wiki tano hakuna mtu hata mmoja wa Giteranyi aliyekwenda kupimwa. Nani aende, ili kesho akatiwe mrija wa peke yake?

Malalamiko yalifika ofisini kwenu, Mgeni rasmi, mkatuita Gitega. Kwanza mtaalamu alitueleza ukweli wa mate, safari hii kwa Kirundi, na kila neno lilituingia kama mwiba. Kisha tukaulizwa: nani amefundisha habari ya mrija?

Sasa tunakuja kwenye lile tulilolificha miezi saba. Tulinyamaza. Watu ishirini na tisa tuliangalia sakafu. Efrazia alisimama peke yake akasema, “Ni mimi.” Mliandika jina lake moja. Aliulizwa kama kuna mwingine. Akageuza macho akatutazama sote, kutoka benchi la kwanza hadi la mwisho, akasema, “Wazo lilikuwa langu.” Hilo lilikuwa kweli, na kwa kusema hilo alitukinga. Alivua fulana ya mradi papo hapo, kwa kuwa ndani alikuwa amevaa blauzi, akaikunja vizuri akaiweka mezani. Aliambiwa asiongee tena kwa jina la mradi.

Sote tulifundisha mrija, Mgeni rasmi. Ryansoro walifundisha, Bukirasazi walifundisha, Muyinga mjini walifundisha sinia. Katibu anayesoma maneno haya alifundisha. Mwenyekiti alifundisha. Aliyefutwa ni yule aliyekiri.

Efrazia alirudi kwake, na kama wewe hufahamu alichofanya baadaye, sisi tunafahamu, maana tulikuwa tukimwangalia kwa mbali, tukiona haya kumsogelea. Kwa jina la mradi hakuruhusiwa kuongea, basi akaongea kwa jina lake. Alikuwa na daftari lenye orodha ya nyumba alizofundisha, mia moja na sita. Alizirudia zote kwa miguu. Kila mlango aliingia na maneno yale yale: nilikuja nikawaambia jambo, nilikosea, sikuambiwa na mtu, nilijiongezea mwenyewe. Wengine walimcheka. Mama mmoja alimwambia kwamba mtu mzima hakosei hadharani namna hiyo. Efrazia alimjibu kwamba alikuwa amefundisha hadharani.

Nyumba aliyoiacha iwe ya mwisho ilikuwa ya Kastori. Alimpitia Nazario kwanza, ili waende pamoja. Nazario hakutaka. Efrazia alikaa uani kwake tangu asubuhi, akamsaidia mkewe kuchambua mtama, akala nao, akanywa maji kwenye kikombe alichotoka kunywea Nazario, bila kukisuuza. Jioni Nazario alivaa koti.

Kastori aliwaona wakija pamoja, akajua. Alisikiliza maneno yale ya nilikosea mpaka mwisho, kama alivyosikiliza mara ya kwanza.

“Miaka saba uliniita muuaji,” alisema, “ukaja ukaniomba radhi. Miezi mitano ukaniambia mrija ni sumu, leo unaniomba radhi tena. Efrazia, wewe una radhi ngapi?”

“Nyingi,” Efrazia alisema. “Nitakuja kila nitakapokosea. Usikiweke kiti chako mbali.”

Mzee alicheka. Tunasema hivyo kwa sababu mkewe aliapa kwamba alikuwa hajamsikia akicheka tangu mavuno ya mwaka juzi. Chungu kililetwa. Nazario alivuta, akampa Efrazia mrija, naye akavuta vilevile, bila kuufuta, akamnyooshea Kastori. Kastori aliushika akauangalia. Alimwuliza Efrazia, kwa sauti ya chini, kama ana hakika safari hii.

“Safari hii niliuliza,” alimjibu.

Mzee akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, mpaka Nazario akamwambia aachie na wengine.

Upendo aliolewa mwezi wa tisa, kabla mvua haijashika. Nazario yuko kwenye dawa na anapanda vilima na baiskeli yake kuliko vijana. Na kuanzia wiki ile Kastori aliyokunywa, watu wa Giteranyi walianza tena kwenda kituo cha afya, wengi kuliko mwanzo. Muuguzi aliwauliza kwa nini wamerudi. Wakasema wamemwona mtu wa afya akikubali kwamba alikosea, basi yale mengine aliyosema huenda ni kweli. Karibu nusu ya wale elfu moja na kitu tuliokutajia kwa majivuno kwenye mafanikio walipimwa baada ya hapo. Namba ile tunayojivunia imetembezwa na miguu ya mtu ambaye hayumo kwenye orodha yetu.

MAOMBI

Tunaomba makaratasi ya mafunzo yaandikwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Tunaomba pia mkufunzi akishauliza kama tunaelewa, asituamini haraka. Atuulize tena, na amwombe mmoja wetu arudie kwa maneno yake, mpaka mambo ya chungu na sinia yatoke mdomoni mwetu yeye akiwepo.

Tunaomba mtoto anayezaliwa kituoni kwetu apate chanjo ya homa ya ini siku ile ile ya kuzaliwa, kabla hajafungwa mgongoni kupelekwa nyumbani. Tunaomba kile kipimo cha wingi wa virusi kisogee, hata kama ni kwa gari linalokuja mara moja kwa miezi mitatu. Hapa tutatetea bila kuchoka, na ukituona mlangoni kwako mara kwa mara usishangae, ndiyo kazi mliyotufundisha.

Ombi la mwisho ni lile la mwanzo. Efrazia hayumo ukumbini. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo majina yanasomwa na lake halimo, kwamba atakuwa anatuharibia sherehe kwa uso wake. Alichukua kisu akaenda jikoni, nyuma ya ukuta huu uliouegemea, anamenya ndizi utakazokula mchana. Wenzetu watano wa Bukirasazi walilala kwake jana, amewapa kitanda yeye akalala mkekani. Hajui kwamba tumeandika haya. Angejua, risala hii ingekuwa ya kuwashia moto.

Tumekaa watu ishirini na tisa tukakubaliana, na hakuna aliyelazimishwa. Kama kosa la mrija ndilo linalomnyima mtu cheti, basi bahasha iliyo mbele yako, Mgeni rasmi, irudi nayo Gitega kama ilivyokuja, kwa kuwa kosa lile ni letu sote. Hatusemi hivi kwa kiburi. Tulipata siku moja ya kusimama pamoja naye tukabaki tumekaa, na tumeumwa na jambo hilo miezi saba. Leo tumesimama, kama unavyotuona.

Na kama utaona vyema vyeti vitolewe, tunajua cha kwake hakijachapwa na mashine ya kuchapa iko mbali. Hilo lisikusumbue, karatasi itakuja siku yake. Tunaomba tu kwamba utakaposhika orodha, jina la kwanza kusoma liwe lake. Lisome kwa sauti kubwa, Mheshimiwa, hata kama hakuna atakayekuja kupeana mkono nawe. Dirisha la jikoni tumelifungua.

Mungu akulinde wewe na safari yako, akujalie afya ya ini na ya moyo, awape wagonjwa wetu siku nyingi za kulima na kucheza na wajukuu, na sisi atupe wepesi wa kuuliza kabla ya kufundisha. Amina.

Ni sisi, watu thelathini,
Kikundi cha Twipimishe, Gitega na Muyinga.